Plastiki ya Kuzalia

Juzi mjukuu wangu alinitandikia sakafu. Alileta kapeti imekunjwa kama mkeka, akaikunjua, akaipigilia misumari pembeni, kisha akasimama katikati akaniambia, "Bibi, hii ni vinili. Maji haipiti." Nikamwambia najua haipiti. Akanieleza tena polepole, jinsi vijana wanavyowaeleza wazee, kwamba kitambaa changu cha mezani ni hiyo hiyo, mkoba wangu wa kanisani ni hiyo hiyo, viti vya gari lake pia. Nikamwacha amalize. Mimi na hiyo vinili tuligombana tangu siku zile reli ilipokuwa inaingia Kasese, na hasira yake haijanitoka.

Watu nitakaowataja hapa, majina yao ninayo yote, hata la mbwa wa jirani. Sitayaandika. Watoto wao tunakutana sokoni Bwera na bado nataka wanichagulie muhogo mzuri. Shule nilisoma kidogo sana, kiasi cha kusoma sala. Kiswahili nilikipata hapo hapo sokoni, kwa hiyo mtanivumilia.

Nilikuwa nimeolewa Kyondo, juu mlimani kwenye kahawa. Mume wangu alishuka Kasese kufanya kazi ya reli, akawa anarudi mwisho wa mwezi, na miezi mingine hata hiyo anakosa. Mimi nikabaki na wazazi wake. Mtoto wetu wa kwanza nilimzalia mle ndani, wakati wa mvua, juu ya majani ya mgomba, na chini ya majani ulikuwa udongo mbichi. Alilia vizuri, akanyonya vizuri. Kisha asubuhi moja hakufungua kinywa. Taya zilijifunga, mwili ukawa mgumu mikononi mwangu, na tukamzika nyuma ya nyumba kabla hajajua uso wangu.

Mimba ya pili ilipoonekana nilishuka siku ya soko mpaka dispensari ya Bwera. Mkunga alikuwa mama mmoja mnene kutoka Buganda, Kiswahili chake cha amri kama cha askari.

"Wa kwanza iko wapi?"

"Alikufa."

"Ulizaa wapi?"

"Nyumbani."

"Chini?"

"Chini."

Alifyonya mpaka wanawake wote waliokaa kwenye benchi wakageuka. "Sikiliza. Wewe hapana zaa chini tena. Saa ikifika unakuja hapa. Unaleta sabuni, unaleta beseni, unaleta plastiki ya kutandika. Safi. Bila plastiki hapana panda kitanda yangu. Sema!"

Nikasema, "Sabuni, beseni, plastiki."

"Tena!"

Nikasema tena. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nayasema maneno hayo matatu. Sabuni tulikuwa nayo. Beseni la mama mkwe lilikuwa na tundu, lakini tundu linazibika. Plastiki nilikuwa nimeiona kwa macho tu, ikining'inia kwenye mlango wa duka la Mwislamu mmoja wa Bwera, mwenye lori, aliyekuwa anauza vitu vya Kampala na vya Kongo. Nilimtumia mume wangu habari. Mwisho wa mwezi akaja nayo begani.

Aliikunjua uani, na watu wa nyumba tatu wakaja kuangalia. Ilikuwa kitambaa cha mezani, kipana, uso wake unateleza na mgongo wake kama pamba. Nusu moja ya uso ilichorwa matunda, nusu ya pili maua. Ilinuka kitu kama dawa iliyotiwa sukari. Mama mkwe aliipapasa, akaibonyeza, akaipeleka puani.

"Hii ni ngozi ya mnyama gani?"

"Siyo ngozi, mama. Inatengenezwa na mashine."

"Ngozi yoyote ina mnyama wake," akasema mama mkwe. "Hawakukwambia tu."

Baba mkwe alimwaga maji juu yake kwa kibuyu, akaangalia yanavyokimbia, akamwaga tena. Mimi nilikuwa nachungulia kutoka jikoni, kwa sababu kwetu mke wa mtoto hasimami mbele ya baba mkwe. Hamwangalii usoni, hamshiki mkono, hali naye. Yeye akitaka kuzunguka nyumba anakohoa kwanza, nawe unaingia ndani. Akiwa na neno na wewe analisema hewani, au anamwambia mke wake na wewe unasikia. Na kitu alichokalia au kukilalia baba mkwe, wewe hukilalii. Hilo hakuna mtu aliyenifundisha kwa kuniketisha. Nililijua kama ninavyojua kwamba moto unachoma.

Mume wangu alisema mbele ya wote, "Hii ni ya mke wangu, ya kuzalia."

Mama mkwe ndiye aliyeongea. "Kitu kizuri hivi? Damu juu ya matunda?"

"Ndiyo, mama. Mkunga ndiye aliyesema."

"Huyo mkunga amezaa wangapi?"

Jumatatu mume wangu akateremka Kasese, na plastiki ikabaki na sisi. Nilitaka niiweke chumbani kwangu, chini ya kitanda. Mama mkwe akasema chumbani kwangu kuna panya, yeye ataitunza. Ningemwambia nini? Alikuwa mama mkwe, na panya walikuwepo kweli.

Asubuhi za Kyondo zina baridi, na plastiki ile kwenye baridi ilikuwa inakakamaa, ukiikunja inalia. Mama mkwe hakulala vizuri kwa sababu ya mlio ule. Sasa, kwetu mtoto alikuwa anabebwa mgongoni kwa ngozi ya mbuzi, na ngozi ikikauka unaipaka samli, unaifikicha, unaining'iniza juu ya moshi, inakuwa laini kama sikio. Hakuna mwanamke mlima ule aliyelainisha ngozi kumshinda yeye. Walimletea kutoka mbali. Siku moja nilirudi kutoka mtoni nikamkuta amepiga magoti juu ya plastiki yangu, mikono imejaa samli hadi kwenye viwiko, anaimba.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nakutunzia kitu chako. Ona inavyokunywa."

"Mama, mkunga alisema safi."

"Samli ni uchafu? Wewe ulipakwa nini ulipozaliwa?"

Samli ile alikuwa ameibadilisha kwa kahawa kwa wafugaji wa bondeni, samli ya kula, na ameimaliza yote. Nikashindwa hata kukasirika vizuri. Akaitundika juu ya meko. Nilingoja aende shambani, nikaiteremsha, nikaiosha kwa maji ya moto na sabuni, sabuni ile ile ya kuzalia, mpaka ikabaki nusu kipande. Ikawa bado inanuka kama chungu cha maziwa. Na badala ya kulainika ikazidi kuwa ngumu. Yeye alipoona imezidi kuwa ngumu akasema samli haikutosha, akatafuta nyingine.

Sijamaliza. Mvua za kahawa zilikuja. Baba mkwe alikuwa anaanika kahawa yake uani kwenye mikeka, na mawingu ya mlima hayapigi hodi. Unaona jua, ukigeuka umelowa. Siku hiyo alikohoa, nikaingia jikoni, nikamsikia anasema hewani, "Kuna watu katika nyumba hii wana kitu kinachozuia maji, na kahawa ya watu inanyeshewa."

Nilimwangalia mama mkwe. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mama, tafadhali."

"Ni mara moja tu," akasema. "Kahawa si ndiyo itakayokununulia nguo?"

Akaiteremsha akampa. Mara moja ikawa kila mvua. Kahawa ikatoka jasho chini yake, ikashika ukungu, na baba mkwe akaitukana plastiki kwa sauti kubwa, akasema imetengenezwa na wavivu. Nikafurahi, nikadhani sasa itarudi. Haikurudi. Aliona kwamba kwa kahawa inafaa mvua ya haraka tu, akaona inafaa kwa kitu kingine.

Jumapili hiyo rafiki zake walikuja kunywa pombe ya ndizi nyuma ya nyumba. Mvua ilikuwa imetoka kupita na nyasi zimelowa. Nilikuwa namenya muhogo karibu na dirisha. Nikainua macho.

"Mama," nikasema, "njoo."

"Kuna nini?"

"Baba ameikalia."

Mama mkwe akaacha kuni zikaanguka. "Amekaa?"

"Amekaa."

"Labda amechuchumaa."

"Mama, amekaa. Hata miguu ameinyoosha."

Alikuja dirishani akaangalia mwenyewe. Mzee yule alikuwa amekaa juu ya plastiki yangu ya kuzalia kama mtu aliyekaa juu ya mkeka wake, kibuyu mkononi, anacheka. Kisha akarudi kwenye kuni zake. Alijua kama ninavyojua mimi. Mwanamke hawezi kulala, akafunguka, akamwaga damu pale alipokaa baba wa mume wake. Ni aibu ambayo hata kuitaja sikuweza, na hapa naiandika kwa sababu wote wamekufa.

Nililia usiku ule, lakini zaidi nilikuwa na hasira, na hasira hiyo sikuwa na pa kuiweka. Baba mkwe siwezi kusema naye. Mama mkwe alinipenda. Ningemgombeza kwa lipi? Mume wangu yuko Kasese, anapiga nyundo. Nilituma neno kwa Mwislamu wa Bwera kama ana plastiki nyingine. Jibu likarudi kwamba imekwisha, angojewe mpaka lori lirudi Kampala, na lori limevunjika springi. Kila siku nilikuwa naamka nashika tumbo, namwambia aliyemo ndani, ngoja kidogo, wewe ngoja.

Hakungoja. Uchungu ulinianza asubuhi, nikiwa nasonga bundu, na unga wa muhogo ukanigandia vidoleni. Mama mkwe aliniangalia mara moja tu, akajua.

"Nitakata majani ya mgomba," akasema.

"Hapana, mama."

"Mwanangu, plastiki imekaliwa."

"Chini sizai. Mama, nimesema chini sizai tena. Nitazalia njiani nimesimama kama mbuzi."

Sikuwahi kumjibu hivyo tangu niolewe. Tuliangaliana. Naona naye alikuwa anamwona yule mtoto tuliyemzika nyuma ya nyumba, maana yeye ndiye aliyemwosha. Akaifunga kanga yake vizuri, akatoka uani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimsikia akimpigia mume wake kelele.

"Mzee! Siku ile ya pombe ulikaa wapi?"

"Nilikaa kwangu. Mtu anakaa wapi?"

"Juu ya ile plastiki! Ulikaa kwenye matunda au ulikaa kwenye maua?"

"Mwanamke, mimi nina macho huko nyuma?"

"Fikiri!"

"Nifikiri nini? Nilikaa! Makalio hayasomi picha!"

Mimi nimeshika nguzo ya jikoni, uchungu unakuja unarudi, na ninasikia wazee wawili wanagombana juu ya matunda na maua. Ningeweza kucheka kama si mgongo uliokuwa unapasuka. Ndipo rafiki yake, jirani wa ng'ambo ya shamba, akapaza sauti kutoka kwenye kahawa yake:

"Alikaa kwenye maua! Si nilimwambia siku ile? Nilimwambia amekaa kwenye maua kama bibi harusi!"

"Una hakika?"

"Nilicheka mpaka pombe ikanitoka puani!"

"Na miguu?"

"Miguu ilikuwa kwenye nyasi! Kwani kuna kesi?"

Mama mkwe aliingia, akaiteremsha plastiki, akaitandika mlangoni, akachukua panga la ndizi. Kitu kizima, kitu ambacho mlima mzima ulikuja kukitazama, na alikipaka samli kwa mikono yake. Aliweka panga katikati, pale matunda yanapoishia, akakata. Ilikuwa ngumu, ikawa inapasuka kama ganda. Maua akayarusha uani. Matunda akayakunja, akayatia kwapani, akachukua beseni lenye tundu na kile kipande cha sabuni.

"Twende," akasema.

Tuliteremka. Sitaeleza mteremko ule. Aliyewahi kushuka kutoka Kyondo na uchungu anaujua. Tulipofika Kinyamaseke barabarani nilikuwa natembea nimemshikilia kiunoni. Lori likaja kutoka Kasese, na dereva alikuwa yule Mwislamu mwenyewe, springi imetengenezwa. Akatupandisha mbele, mimi nikakaa karibu na mlango. Kiti chake kilifunikwa kwa kitu cheusi kinachoteleza, na nilipokishika nikajua ni ndugu yake ile yangu. Aliona mzigo wa mama mkwe.

"Mama, hii haiko ile plastiki niliuzia bwana yake?"

"Ndiyo hiyo."

"Kwa nini mulikata? Mutu anakata kitu mupya? Na inanuka nini? Iko kama maziwa."

"Endesha gari, mwanangu," mama mkwe akasema. "Ukiuliza tena ataizalia hapa."

Hakuuliza tena. Aliendesha mpaka Bwera akiitazama barabara tu, na kila shimo akasema pole, mama, pole.

Mkunga alitupokea mlangoni amesimama kama mlinzi. "Sabuni?" Mama mkwe akaonyesha. "Beseni?" Akaonyesha, kidole kimeziba tundu. "Plastiki?"

Mama mkwe akaikunjua. Nilifumba macho. Nilikuwa nangoja aseme ni ndogo, ni nusu, rudini nayo Kyondo. Nilikuwa nimejiandaa kushika mguu wa kitanda nisiuachie.

Alinusa. "Nani alipika ndani ya hii?" Kisha akaifuta kwa kitambaa cha dawa, akaitandika chini ya kiuno changu, na ikafika. Ilifika, na pembeni ikabaki. "Iko sawa," akasema. "Kubwa hata. Panda."

Ilikuwa kubwa hata! Nilikuwa kwenye uchungu, lakini maneno yale niliyasikia vizuri kuliko ninavyosikia kengele ya kanisa. Miezi yote ile, kahawa na samli na machozi na kutuma watu, na nusu ilitosha. Siku ya kwanza mume wangu alipoikunjua uani tungeikata katikati, wazee wapewe maua yao wayakalie mpaka wachoke, mimi nipewe matunda yangu, na kila mtu angelala. Hakuna aliyefikiri panga. Kitu kilikuwa kizima na kizuri, na sisi sote, mimi mwenyewe nikiwemo, tulikuwa tunakivuta huku na huku kizima hivyo hivyo.

Mtoto alitoka jua likiwa linaelekea Kongo. Msichana. Kwetu watoto wanaitwa kwa nafasi waliyozaliwa, na nafasi ya aliyekufa haijazwi na mwingine, kwa hiyo aliitwa jina la wa pili, ili kila anayelisikia ajue alitanguliwa. Nilimwangalia kinywa kila asubuhi. Wiki ya kwanza ikapita, anakifungua. Ya pili ikapita, anakifungua, analia mpaka unachoka.

Tulirudi Kyondo, na mama mkwe akaifua plastiki mtoni, akaianika kwenye ua. Mvua ikajikusanya mlimani. Nikasikia kikohozi, nikaingia ndani na mtoto wangu. Baba mkwe akasema hewani, "Kahawa ina kipande kimoja tu cha kujifunika, na kile kingine naona kipo hapo kwenye ua kinapigwa na upepo bure."

Safari hii mama mkwe hakuniangalia. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mzee," akasema, "mkamwana wako amezalia juu yake. Unataka uitie mkono?"

Nikasikia hatua zake zikirudi nyuma haraka, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Hakuisemea tena mpaka anakufa. Hapo ndipo ikawa yangu, na hakuna mtu wa nyumba ile aliyeweza kuniomba. Nilimlaza mtoto juu yake kila siku. Lakini samli ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Matunda yalikuwa yanabanduka moja moja, kila nikiikunja inapasuka mahali papya, na kabla mtoto hajaanza kutambaa nilikuwa nimebaki na vipande vya kuzibia beseni.